Mwikali na Dunia ya Debe

Kila Jumapili jioni, kwenye kikundi cha WhatsApp cha sisi tuliosoma pamoja, lazima mmoja atume sauti ya kutukumbusha. "Siku zetu bwana," ataanza, "mwalimu akikohoa tu, darasa zima kimya!" Mwingine ataleta habari ya kiboko cha mkwaju. Mwingine ataandika kwamba kiboko hicho ndicho kilichomfanya awe mtu. Watacheka wote, kisha watawageukia watoto wao: hawa wa siku hizi hawana adabu, wanauliza uliza, wanajibizana na wazazi. Mimi husoma, nikaweka simu kando, nikaenda kuosha sufuria ambayo tayari ni safi.

Leo nimechoka kuosha sufuria. Na mimi nakumbuka.

Nakumbuka shule yetu kati ya Matiliku na Kalamba, na vumbi jekundu lililotufanya sote rangi moja kabla ya saa nne. Nakumbuka Ijumaa tulipobeba maji kutoka nyumbani kunyunyizia sakafu ili funza wasituingie vidoleni. Nakumbuka muthokoi uliolala, mahindi yaliyokobolewa na mbaazi, tulioubeba kwenye mikebe, na jinsi ule wa mwenzako ulivyokuwa mtamu kuliko wako. Tuliruka kamba mpaka nyayo zikawaka. Msimu wa mbaazi mbichi tulikula mashamba ya watu tukitembea, maganda tukiyatia mifukoni ili tusijulikane tulipopita. Utamu huo siukatai. Ninachokataa ni kuambiwa kwamba hakukuwa na kingine.

Mwikali mnamkumbuka? Najua mnamkumbuka. Hakuna anayemtaja.

Alikuwa mwenzangu wa dawati tangu darasa la nne. Aliishi na nyanya yake, kwa kuwa mama yake alifanya kazi za nyumba mjini na tulimwona Krismasi tu. Mwembamba, magoti makubwa, sweta yenye kiwiko kimoja nje. Hakuwa wa kwanza darasani. Alikuwa wa sita, wa nane, hapo hapo, kwa sababu akianza swali moja alisahau mengine. Hesabu ikisema mtu amenunua mbuzi watatu, Mwikali alitaka kujua kama wana mimba.

Darasa la saba tulipata mwalimu wa sayansi tuliyemwita Mwalimu Saa, kwa maana ni yeye peke yake aliyevaa saa ya mkononi, na alipenda kuitazama mtoto akijikwaa kwenye jibu. Nimpe haki yake: hakuwa mlevi, hakuwa mtoro. Alikuwa mzee wa kanisa, suruali imenyooshwa mpaka ingekata nyanya. Alifundisha kitabu neno kwa neno na hakutaka neno hata moja liguswe.

Siku ya graviti alirusha chaki juu, ikaanguka mezani, ikavunjika.

"Dunia ni mviringo," alisema. "Graviti inavuta kila kitu kuelekea kitovu chake. Ndiyo maana watu wa upande ule mwingine hawaanguki. Kuna swali?"

Kwetu "kuna swali" ilimaanisha fungeni vitabu. Mwikali akainua mkono.

"Mwalimu, na dunia ingekuwa kama debe?"

Tulicheka sote. Debe tulilijua, lile la bati la mafuta ya kupikia, lenye pembe, ambalo kila nyumba ilitekea maji.

"Dunia si debe. Ni mviringo."

"Najua ni mviringo, mwalimu. Nauliza ingekuwa. Mtu akitembea mpaka kwa ukingo, angeanguka?"

Mwalimu Saa aliitazama saa yake. "Hapa hakuna ingekuwa. Hapa kuna ni na kuna si. Kaa chini."

Mwikali akakaa. Darasa likasahau. Yeye hakusahau.

Mto wetu ni wa mchanga. Miezi mingi hauna maji juu; unachimba shimo, unangoja maji yajikusanye, unachota kikombe kwa kikombe mpaka mtungi ujae. Mkiwa na foleni, mnangoja mpaka jua linaanza kulala. Kungoja huko ndiko kulikuwa masomo ya Mwikali. Jioni moja alichora mraba mkubwa mchangani, akaweka jiwe katikati, akalifunga uzi wa katani.

"Shika hii," aliniambia, akinipa ncha ya uzi. Tulisema kwa Kikamba, nawaandikia kwa Kiswahili. "Tuseme huu mstari ndio ardhi. Simama hapa, katikati yake. Vuta. Uzi unaenda namna gani?"

"Unaenda moja kwa moja chini."

"Haya. Sasa tembea kwenye mstari mpaka pembeni."

Nikatembea. Uzi ukaanza kulala ubavu.

"Si mwalimu alisema graviti inavuta kuelekea kitovu? Basi kitovu ni hilo jiwe. Ukiwa hapo pembeni, chini yako haiko chini ya miguu. Iko kule." Alionyesha kwa kidevu, kwa kuwa mikono ilikuwa na matope. "Ungekuwa kama mtu amesimama kwa mlima. Macho yangeona uwanja, miguu ingesikia mlima."

"Kwa hivyo hauanguki?"

"Unaanguka wapi? Ukitoka katikati unapanda tu, unapanda, mpaka kwa ukingo, halafu unateremka upande ule mwingine. Kila pembe ni kilele." Akanyamaza kidogo, kisha akaanza kucheka peke yake. "Ndunge, maji! Maji yangeteremka yote yaende katikati. Kila upande ungekuwa na ziwa moja katikati yake, limevimba kama ugali kwa sahani. Na hewa pia ingeenda huko. Pembeni hakuna kitu. Kukavu."

"Na watu wa pembeni wangekunywa nini?"

"Hao si ni sisi?" alisema. "Kuteka wanateremka mikono mitupu. Kurudi nyumbani wanapanda na mtungi."

Nilikuwa na miaka kumi na miwili. Nilidhani ni mchezo, kama kalongolongo ya kupika matope na kujifanya baba na mama. Wiki mbili nzima tulifinyanga dunia hiyo kwa udongo wa ukingo wa mto, pande zote sawa kama kipande cha sabuni kilichokatwa kwa uangalifu. Alichimba ziwa katikati ya kila upande, sita jumla, akayapaka majivu yang'ae. Kwenye pembe moja alichomeka vijiti viwili. Hao walikuwa yeye na mimi.

Muhula huo mkaguzi wa shule alikuja, na tuliambiwa kila mtoto alete kitu alichotengeneza. Madawati yakatolewa nje, tukapanga magari ya waya, kamba za katani, mwiko, kiti cha miguu mitatu. Mwikali akaweka dunia yake. Mkaguzi alipita akikubali kila kitu kwa kichwa, mpaka akafika kwake.

"Hii ni nini?"

"Ni dunia, bwana mkaguzi."

Mzee yule alicheka mpaka akashika tumbo. Akamgeukia Mwalimu Saa, mbele ya walimu wenzake na wazazi waliokuja: "Mwalimu, hivi ndivyo mnafundisha hapa? Dunia ni sanduku?"

Mwikali alifungua mdomo kueleza. Mkaguzi alikuwa tayari kwenye mwiko wa jirani.

Gari la mkaguzi halijamaliza kutoka getini kengele ya paredi ikalia. Mwalimu Saa alisimama mbele na udongo ule mkononi. Hakumwita Mwikali. Aliniita mimi.

"Wewe na Mwikali mnakaa dawati moja. Yeye anasema dunia ina umbo la debe. Ndiyo au la?"

Ngojeni niwaambie kitu kuhusu mama yangu. Alinipenda, alinilea, na kila muhula ukianza alinifunga vifungo vya sare akinipa maneno yale yale: "Mwalimu akikuuliza, sema ndiyo, urudi kwangu mzima." Alikuwa na sababu zake. Kaka yangu mkubwa alipigwa shuleni mpaka sikio moja likakataa kusikia, na hakuna mtu aliyeulizwa.

Jibu la kweli nililijua: hapana mwalimu, alisema *ingekuwa*. Neno moja tu. Nilitazama kiboko, nikatazama viatu vyake vinavyong'aa.

"Ndiyo, mwalimu," nikasema.

Aliuangusha udongo, akaukanyaga kwa kisigino, akazungusha. Kisha akatoa hukumu. Kila asubuhi, kabla ya bendera kupanda, Mwikali angesimama mbele ya shule nzima na kusema kwa sauti: "Dunia ni mviringo." Mpaka muhula uishe.

Nanyi mlikuwepo. Mlicheka kila asubuhi. Mlimpa jina la Debe, na mtu akipita karibu naye aligonga kidole kwenye kitabu, ko ko ko, kama mtu anayegonga bati. Mimi nilisimama mstari wa tatu nikihesabu mawe ya chokaa yaliyopanga njia. Hatukuwa tukizungumza tena. Dawatini aliweka begi lake katikati yetu.

Alisema Jumanne, akasema Jumatano, Alhamisi na Ijumaa, kwa sauti ya wazi, bila kulia. Jumatatu iliyofuata alisimama pale pale, miguu pamoja, akasema:

"Dunia ni mviringo. Na ingekuwa debe, maji yangekaa katikati ya kila upande, na mtu wa pembeni asingeanguka."

Hakuna aliyecheka. Alipigwa pale pale mbele ya bendera, mpaka mwalimu wa darasa la kwanza, mama mmoja mpole, akageuza uso kuelekea ukuta. Aligeuza uso tu. Walimu kumi na mmoja walikuwepo asubuhi hiyo na hakuna aliyesema "mwacheni."

Alirudishwa nyumbani alete mzazi. Nyanya yake alikuja kwa miguu na fimbo yake, akakaa chini ya dirisha la ofisi kutoka asubuhi mpaka tukala chakula cha mchana. Sharti lilikuwa moja: mtoto aombe msamaha kwamba alisema dunia ni debe.

"Sema tu hiyo maneno, mwanangu, mwana wakwa," nyanya alimbembeleza, nasi tukiwa tumejipanga dirishani kusikiliza. "Itakuuma wapi?"

"Susu, sikusema hivyo. Nikiomba msamaha nitakuwa nimesema."

Hakurudi tena. Mtihani wa darasa la nane tuliufanya bila yeye. Mimi nilipata nafasi ya sekondari, nikawa karani wa serikali, nikazaa. Mwikali alichukuliwa na mjomba wake kwenda soko la Kwa Vonza kuuza dukani. Hilo nililisikia mapema sana na nililijua miaka yote. Nimepita Kwa Vonza mara ngapi nikienda Kitui mjini? Kila mara niligeuza kichwa nikatazama upande ule mwingine wa barabara, kana kwamba nina deni la kutazama mashamba.

Mwaka huu binti yangu Mutanu alikuja likizo kutoka chuo kikuu. Tulikuwa jikoni tukipukuchua mbaazi. Yaani mimi nilikuwa nikipukuchua. Yeye alikuwa na simu mkono wa kulia, na kila dakika tano ganda moja mkono wa kushoto. Watoto hawa wanaweza kutengeneza roketi, lakini sufuria ya mbaazi itawachukua siku mbili.

"Mum," akasema bila kuinua macho, "lekchara alitupatia swali moja kali sana. Eti sayari ikiwa kiboksi, graviti itafanya nini. Unajua maji yote ingeenda katikati ya kila upande? Na ukitembea kwenda kwa kona ungefiili ni kama unapanda mlima, na ardhi ni tambarare!" Akanionyesha picha. Kiboksi cha buluu na kahawia kikizunguka polepole, ziwa katikati ya kila upande, limevimba.

Nilimuuliza alifanya nini alipopewa swali hilo.

"Nilipata alama zote," akasema.

Nilitoka nje. Nilikwenda mpaka nyuma ya choo, mahali pasipo na mtu, nikapiga kelele. Si kilio. Kelele. Mutanu alikuja mbio akidhani nimeumwa na nyoka. Nilimweleza yote nikiwa nimesimama, na nilipofika kwenye "ndiyo, mwalimu" sikumficha.

Akauliza: "Huyo mama yuko hai?"

"Yuko Kwa Vonza."

"Na tunangoja nini?"

Jumamosi tulikwenda. Duka lilikuwa la mifereji ya mabati, mabomba na mitungi ya kuhifadhia maji ya mvua. Nilimtambua kwa magoti. Alikuwa ameinama akimpimia mteja mfereji, rinda limepanda. Nywele zimeingia mvi. Alinyanyuka, akanitazama, akanitazama tena.

"Ndunge."

"Ni mimi."

"Umenona," akasema, akarudi kwa mteja wake mpaka akamalizana naye. Nilingoja. Nilistahili kungoja.

Alitupatia viti na chai. Mutanu, ambaye hajui kukawia, alitoa simu akamwekea mbele. "Aunti, tazama. Ulikuwa sawa. Hii tunafundishwa chuo. Kuna kitu kidogo tu, mvuto hauelekei katikati kabisa kila mahali, unapinda kidogo. Lakini ziwa, mlima, kona, yote ulisema. Na ulikuwa class seven!"

Mwikali alivaa miwani, akaitazama sayari ile ikizunguka. Nilitarajia alie. Mimi ndiye niliyekuwa tayari kulia.

"Najua," akasema. "Hiyo ya kupinda pia nilishuku, kwa sababu hata hiyo pembe iko na uzito yake, nayo inavuta. Na kwa pembe mtu angekuwa mwepesi kidogo, kwa sababu ako mbali na katikati. Hiyo nilifikiria nikiwa hapa dukani, nikiwa na mimba ya pili." Akamrudishia simu. "Ni vizuri wanafundisha."

Basi. Hivyo tu. Nikashindwa kuvumilia.

"Mwikali, mimi nilisema ndiyo."

"Nilisikia. Nilikuwa hapo."

"Nilijua si ukweli. Niliogopa."

Alikunja miwani polepole. "Yeye alikuwa mtu mzima mwenye saa. Wewe ulikuwa mtoto. Hayo nilijiambia miaka mingi, Ndunge, na yalisaidia, lakini hayakusaidia haraka. Wewe ndiye ulishika uzi. Wengine wangesema ndiyo ningewaelewa, hawakuwa mtoni. Wewe ulikuwa." Akamimina chai tena kwenye kikombe changu ambacho hakikuwa kimeisha. "Sasa imepoa. Kunywa."

Hakusema amenisamehe, na sikumwomba aseme. Sote wawili tulikuwa na hasira, na kwa mara ya kwanza tangu utoto zilikaa meza moja.

Mteja mwingine aliingia akitaka pete ya raba ya kuziba bomba linalovuja. Mwikali alimtolea, na moja ikabaki mkononi mwake. Aliigeuza geuza, akaingiza ncha ya kidole kwenye tundu. Kisha akamtazama Mutanu, si mimi.

"Mwanangu, na ingekuwa hivi?"

"Sayari ya pete?" Mutanu akachukua simu mara moja. "Ngoja nitafute."

"Weka hiyo kitu chini. Inakimbilia wapi? Kwanza tufikirie. Ukisimama hapa, upande wa ndani, juu ya kichwa chako unaona ardhi ingine. Haya. Hiyo ya juu haikuvuti?"

Mutanu aliweka simu kifudifudi mezani. Akasogeza kiti.

Walikaa hivyo wawili, vichwa karibu vigusane, wakibishana juu ya raba ya bomba. Mmoja wa umri wangu, mwingine mtoto wangu. Mutanu alichora nyuma ya risiti, Mwikali akaukata mchoro huo, akachora wake, akasema hapana, ngoja, hapana. Wateja wawili walipiga hodi wakaondoka. Usoni mwa Mwikali nilimwona yule mtoto wa mtoni, na hapo ndipo hasira iliponikaba kweli: miaka yote hiyo, alikuwa akijiuliza na kujijibu peke yake katikati ya mabati.

Kwa hivyo msiniletee tena sauti za Jumapili. Ni kweli watoto wetu wamelegea. Wana majibu ya dunia nzima mfukoni na hawajui kupukuchua mbaazi. Lakini mtu akiwaambia weka simu ufikirie, bado wanaweza. Mkono wao haujawahi kupigwa kwa kuinuliwa. Sisi tulikuwa kimya, na tuliuita ukimya ule adabu, na tunaulilia mpaka leo kana kwamba ni sisi tuliofaidika nao.

Siku ile dukani, kabla hatujaondoka, Mwikali aligeuka akanitazama. "Na wewe, Ndunge? Unauliza nini?"

Nilijitahidi. Naapa nilijitahidi. Nilitazama ile pete, nikatazama uso wake, nikatafuta kichwani swali langu mwenyewe, hata dogo, hata la kijinga.

Sikupata hata moja.